Zamu za usiku, giza la Desemba na karatasi ya mshahara

Mgeni wa Leicester:

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu hamjambo.

Nilifika huku Uingereza Septemba. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Kazi yenyewe siilalamikii, wazee tumezoeana. Shida ni maisha ya nje ya kazi. Natoka saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza kunapambazuka. Nalala usingizi wa mang'amung'amu, nikiamka ni saa kumi na jua limeshazama. Ninaokaa nao nyumba moja wana zamu ya mchana, tunapishana mlangoni tu. Nikipiga simu nyumbani nasema "sijambo, kazi inaendelea", yanaishia hapo.

Juu ya hayo, kodi niliyokatwa kwenye mshahara imenitisha, na nilipokwenda kujiandikisha kwa GP, yaani daktari wa mtaani, nimeambiwa nilete barua yenye anwani yangu, wakati bili zote zina jina la mwenye nyumba. Sijui nianze na lipi. Mwenye uzoefu anisaidie maneno mawili matatu.

Kaka wa Glasgow:

Mdogo wangu, pole na karibu. Hilo jua lako la Leicester sisi huku tungelilipia kiingilio! Ikifika katikati ya Desemba tunapata mwanga wa saa 7 tu kwa siku, na hizo saa zenyewe mawingu yamezikalia.

Da' Mkubwa wa Leeds atakujibu vizuri kuliko mimi, maana ndiye mkongwe wa zamu za usiku. Mimi nauliza moja tu. Tazama karatasi yako ya mshahara, kule juu penye msimbo wa kodi. Pameandikwa nini?

Mgeni wa Leicester:

Ahsante kwa huruma hiyo, kaka. Pameandikwa BR. Herufi hizo mbili tu, hakuna namba.

Da' Mkubwa wa Leeds:

Mdogo wangu, nimesoma yote. Sikupi pole, wameshakupa wengine na pole haijazi friji. Tuchukue moja moja.

Hiyo BR ndiyo mwizi wako, na bahati nzuri ni mwizi anayerudisha. Mtu mwenye kazi moja anaruhusiwa kupata pauni 12,570 kwa mwaka kabla hajaanza kukatwa kodi ya mapato, na msimbo wake wa kawaida ni 1257L. BR maana yake unakatwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza, kana kwamba ule msamaha umeshautumia kwenye kazi nyingine. Piga hesabu: msamaha wa mwezi mmoja ni pauni 1,047 na ushee, asilimia 20 yake ni zaidi ya pauni 200. Ndizo zinazopotea kila mwezi.

Mara nyingi chanzo ni ile fomu ya siku ya kwanza kazini, yenye maelezo A, B na C. C inasema una kazi nyingine au pensheni. Mgeni anapewa karatasi kumi kwa mpigo, au mtu wa ofisini anamjazia kwa haraka, basi tiki inaangukia C. Ingia kwenye akaunti yako ya kodi katika tovuti ya serikali, au pakua programu ya HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huku, kwenye simu. Uwe na namba yako ya bima ya taifa mkononi. Sema una kazi hii moja tu na taja tarehe uliyoanza. Msimbo ukibadilishwa ndani ya mwaka huu wa kodi, yaani kabla ya tarehe 5 Aprili, walichokata zaidi kwa kawaida hurudi ndani ya mshahara wenyewe. Hujazi kitu kingine, na humlipi mtu. Nasema hivyo kwa sababu kuna kampuni zinazojitolea "kukudaia" kisha zinakula sehemu ya jasho lako. Na ukipata meseji inayosema unarudishiwa kodi, bonyeza hapa uweke namba za benki, huyo si HMRC. Ipeleke 7726, ni bure, kisha ifute.

La GP. Hapa England huhitaji barua ya anwani ili uandikishwe. Huhitaji pasi wala karatasi ya uhamiaji. Wanaweza kukuomba, lakini kukosa kwako si sababu ya kukukataa. Yule dada wa mapokezi si mbaya, anarudia alichofundishwa. Rudi, mwambie kwa upole kwamba mwongozo wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, unaruhusu, na kama bado anasita omba kuongea na meneja wa kliniki. Siku hizi kliniki nyingi zinaandikisha kwa mtandao, kwa hiyo waweza kulimaliza ukiwa kitandani. Usisubiri kuugua kwanza.

Sasa usingizi, ambao ndio mzizi wa fitina. Watu wa usiku wengi wanafika nyumbani wanataka walale saa nane mfululizo kama watu wa mchana. Desemba ukifanya hivyo hulioni jua, kama ulivyosema. Mimi naugawa. Nalala saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Nikiamka sigusi simu, navaa koti natoka nje hata kama mvua inanyesha, natembea mpaka bustani na kurudi. Mwanga wa mawingu unaudharau, lakini unapita mbali taa yoyote ya chumbani. Halafu saa kumi na moja jioni najinyoosha tena kidogo kabla ya zamu. Mwanzoni mwili utagoma, uache ugome.

Vidonge vya vitamini D navyo, mikrogramu 10 kwa siku. NHS inamshauri kila mtu avifikirie vuli na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Usishawishike na vile vya dozi kubwa kubwa vya mtandaoni, kuzidisha kuna madhara yake.

Tena mwajiri wako anapaswa kukupa nafasi ya kupimwa afya bure kwa sababu unafanya kazi usiku, kabla ya kuanza na baada ya hapo kila baada ya muda. Wengi hawaambiwi. Uliza kwa maandishi.

Kuhusu simu za nyumbani nina neno, lakini nitaandika nikiamka. Ndiyo kwanza natoka zamu sasa hivi.

Mama wa Reading:

Mwanangu wa Leicester, mimi sina elimu ya kodi kama Da' Mkubwa, nina elimu ya madirisha. Najua utaambiwa ubandike karatasi ya alumini kwenye kioo ili chumba kiwe giza. Inasaidia kweli, lakini usiigandishe kioo kizima ukaiacha msimu wote. Vyumba vya huku vina unyevu, maji yanatiririka nyuma yake, na ukija kuibandua unakuta kuvu jeusi limepanda mpaka kwenye fremu, na mwenye nyumba anataka kula amana yako. Ibandike kwenye kipande cha kadibodi kinachoingia sawasawa dirishani, ulale, ukiamka ukiondoe na ufungue dirisha kidogo hata kama baridi inauma. Na zile sare za kazi usizianike juu ya hita huku umefunga dirisha. Ni kuvu lilelile.

Tukiwa hapo kwenye amana: kwa nyumba ya kawaida ya kupanga, mwenye nyumba ana siku 30 za kuiweka kwenye mfuko wa ulinzi unaotambuliwa na serikali na kukupa taarifa zake. Kama hukupewa, mwulize.

Da' Mkubwa wa Leeds:

Nimeamka. Mama wa Reading ahsante, hilo la kadibodi naliiba.

Mdogo wangu, tangu saa zirudishwe nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nyumbani wametutangulia saa 3, si 2 tena. Ukitoka kazini saa mbili na kupiga, kwao ni saa tano asubuhi. Mama yuko sokoni au jikoni, kuna kelele, anajibu haraka, wewe umechoka, mnaagana bila kuongea. Halafu unabaki na upweke mkubwa kuliko kabla ya kupiga. Jaribu saa nane mchana ukishatoka kutembea. Kwao ni saa kumi na moja jioni, watu wametulia.

Na hilo la kusema "sijambo". Chagua mtu mmoja nyumbani umwambie ukweli. Si mama. Mama atakosa usingizi na hana la kufanya. Ndugu wa rika lako, au rafiki asiyekupigia mizinga ya pesa.

Mama wa Reading:

Hapo sikubaliani nawe, mdogo wangu. Mama anajua. Ukisema "sijambo" kwa sauti hiyo ya kamasi anajua kabisa, na ukimficha anajaza mwenyewe mabaya zaidi ya yaliyopo. Mimi mwanangu wa kwanza yuko Kanada, alinificha mwaka mzima kwamba amebadilishiwa kazi. Nilikuwa namwota yuko jela! Mwambie mama yako: usingizi umenishinda, kuna giza, lakini watu wananielekeza. Hatakufa kwa hilo.

Kaka wa Glasgow:

Wakubwa wakigombana sisi wadogo tunakula popcorn. 😄

Kuongezea tu: huku Scotland misimbo yetu ya kodi inaanza na S, kwa hiyo BR yenu kwetu ni SBR. Aliyehamia huku akaona S asidhani ni kosa.

Na jambo moja la uzito. Mgeni wa Leicester, huzuni ya giza inakuja na kuondoka. Ikikaa, yaani hutaki kula, hutaki kuoga, unaona bora usiwepo, usisubiri mtu akuone. Ukiwa England piga 111, namba ya simu ya NHS, uchague namba 2, unapelekwa kwa watu wa afya ya akili, usiku na mchana. 116 123 ni Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, bure, wanapokea hata saa tisa usiku, na si lazima uwe umefika ukingoni ndipo upige. Na kwa mambo ya kawaida ya wasiwasi na kukosa raha, England unaweza kuomba tiba ya mazungumzo ya NHS mwenyewe kwenye tovuti bila kupitia kwa daktari. Kiingereza kikikukwama ukipiga 111, omba mkalimani wa Kiswahili. Usione haya.

Mgeni wa Leicester:

Jamani. Sijafika huko kwenye kutotaka kuwepo, kaka, niamini. Lakini nimeiandika namba nikaibandika kwenye kabati la nguo.

Taarifa: msimbo wa kodi nimeshauripoti, sasa akaunti inaonyesha 1257L, nangoja mshahara ujao. GP wamenipokea, nilijaza kwa mtandao kama Da' Mkubwa alivyosema, hakuna aliyeniuliza barua. Mama nimemwambia nusu ya ukweli, ili nisimuudhi Da' Mkubwa wala Mama wa Reading. Akasema, "Nilijua." Halafu akaniuliza kama nakula.

Usingizi bado. Jana nilitoka saa saba kama nilivyoelekezwa, nikarudi nimelowa, na saa kumi na moja sikupata hata lepe. Kilichobaki ni saa ile ya mapumziko kazini, saa tisa usiku. Wazee wamelala, mwenzangu yuko ghorofa ya juu, na ndiyo saa mawazo yote yanapiga hodi. Kuna mwingine anayekuwa macho saa hizo?

Da' Mkubwa wa Leeds:

Mimi. Mapumziko yangu ni saa tisa na nusu. Sitakwambia "ukihitaji chochote niambie", maana najua hutaniambia. Nitakupigia mimi, Jumatatu, Jumanne na Ijumaa. Dakika kumi. Ukiwa na mzee anayeita, usipokee, nami sitanuna. Hatuongei habari za kodi.

Kaka wa Glasgow:

Jumatano na Alhamisi niachieni mimi, niko ghalani mpaka asubuhi. Ila naomba radhi mapema, mtasikia mashine zinanguruma nyuma.

Mama wa Reading:

Mimi saa tisa usiku niko usingizini na sitaki kuamshwa na mtu! Jumamosi na Jumapili mchana simu yangu iko wazi. Na hilo swali la mama yako hukulijibu hapa: unakula?