Barua za Newburgh, 1783: je, Hamilton alitaka jeshi litumike dhidi ya Kongresi?

Mdadisi wa Morogoro (mleta mada)

Heshima kwenu wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma barua walizoandikiana viongozi na maofisa wa Marekani katika miezi ya mwisho ya vita vyao vya uhuru, yaani baada ya Waingereza kusalimu amri Yorktown mnamo Oktoba 1781 na kabla ya mkataba wa amani wa Paris wa Septemba 1783. Ipo moja inayonitatiza. Mnamo Februari 1783 Alexander Hamilton, aliyewahi kuwa mpambe wa Jenerali George Washington na ambaye wakati huo alikuwa mjumbe wa New York katika Kongresi, bunge la shirikisho lililokaa Philadelphia, alimwandikia mkuu wake wa zamani kwamba malalamiko ya jeshi yasizimwe, bali Washington ayaongoze kupitia watu anaowaamini, pasipo yeye mwenyewe kuonekana. Haikupita mwezi mmoja, waraka usio na jina ukasambazwa katika kambi ya jeshi karibu na Newburgh, jimbo la New York, ukiwahimiza maofisa wasikubali kutengana na silaha zao endapo amani itakuja kabla hawajatendewa haki.

Naomba kueleweshwa: je, barua ile ni ushahidi kwamba wanasiasa wa Philadelphia walipanga kulitumia jeshi dhidi ya serikali yao wenyewe?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu mleta mada, ningeshauri uanzie kwenye hazina, kwa sababu bila kuijua hali ya fedha barua ya Hamilton itaonekana ama ya uhaini ama ya kawaida tu, na yote mawili si sahihi. Kwa mujibu wa katiba ya shirikisho iliyoanza kutumika Machi 1781, Kongresi haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Iliomba fedha kwa majimbo 13, na kila jimbo lilitoa lilivyopenda. Pendekezo la ushuru wa forodha wa asilimia 5 lilihitaji ridhaa ya majimbo yote. Rhode Island likakataa mnamo Novemba 1782, na Desemba Virginia nalo likaiondoa ridhaa yake. Wakati huohuo Jenerali Alexander McDougall na makanali wawili walikuwa wakielekea Philadelphia na ombi la maofisa, ambao mishahara yao ilikuwa imelimbikizwa na ambao walihofu kwamba ahadi ya mwaka 1780 ya kuwalipa nusu mshahara maisha yao yote haitatimizwa. Walikuwa tayari hata ahadi hiyo igeuzwe kuwa kiinua mgongo.

Hapo ndipo watu wa Robert Morris, Msimamizi wa Fedha, walipoona nafasi. Msaidizi wake, Gouverneur Morris (Gouverneur ni jina, si cheo), alimwandikia John Jay, mwanadiplomasia wa Marekani, tarehe 1 Januari 1783 kwamba wanajeshi wana panga mikononi mwao, na hakuandika hivyo kwa masikitiko. Waliamini kwamba madai ya jeshi yakiunganishwa na madai ya raia walioikopesha serikali, majimbo yatabanwa hadi yakubali kodi ya kudumu ya shirikisho.

Ushahidi mzito zaidi umo katika barua ya Hamilton ya tarehe 25 Machi. Washington alikuwa amemwandikia tarehe 12 kwamba kambini watu wanadhani mpango ule ulitungwa Philadelphia. Hamilton akajibu kwamba jambo hilo ni kweli kwa kiasi fulani: yeye mwenyewe alikuwa amehimiza, ndani ya Kongresi na nje yake, kwamba nguvu za wadai wa serikali ziunganishwe, jeshi likiwa miongoni mwao. Kuhusu matumizi ya silaha alisema wazi kwamba yangeleta vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba kwa hakika yangeliangamiza jeshi lenyewe. Mimi namwamini katika hilo la silaha. Ninachomlaumu ni kudhani kwamba hasira ya watu wenye silaha inaweza kupandishwa hadi kipimo anachokitaka mwanasiasa, kisha ikasimama hapo.

Usimsahau pia Jenerali Henry Knox, ambaye kwa maoni yangu hapewi sifa anazostahili. Aliandikiwa na Gouverneur Morris na McDougall ili alivute jeshi upande wao, naye akawajibu tarehe 21 Februari. Kwa McDougall aliandika kwamba heshima ya jeshi ni safi mno, na kwamba ni afadhali wavumilie dhuluma hadi ukingo wa uvumilivu kuliko kuitia doa. Kwa Gouverneur Morris aliuliza kwa nini, ikiwa katiba iliyopo ina kasoro kubwa kiasi hicho, wao wakubwa hawaitishi mkutano wa majimbo ili itungwe iliyo bora. Mkutano wa namna hiyo ulifanyika Philadelphia mwaka 1787.

Mdadisi wa Morogoro

Nakushukuru sana, Mwalimu. Je, Washington alikuwa akijua yote haya tangu mwanzo, au alishtukizwa na ule waraka?

Binti wa Pwani

Shikamoo Mwalimu. Naomba nimjibu ndugu yetu kwa kufuata tarehe.

Alikuwa akijua sehemu. Katika jibu lake kwa Hamilton la tarehe 4 Machi alisema anaona dalili za chachu ya kale kuanza kufanya kazi tena chini ya kinyago cha urafiki, na wasomaji wengi huelewa kwamba alimkusudia Jenerali Horatio Gates, mpinzani wake wa zamani jeshini. Waraka ulitokea tarehe 10, nao uliandikwa na Meja John Armstrong, mpambe wa huyo Gates, ukiitisha mkutano kesho yake. Washington akaupinga mwito huo katika amri ya siku, akapanga mkutano wake Jumamosi tarehe 15, na akafika mwenyewe bila kutarajiwa.

Baada ya kusoma hotuba yake alitoa barua aliyoandikiwa na Joseph Jones, mjumbe wa Virginia, ili kuwaonyesha kwamba wamo watu ndani ya Kongresi wanaowatakia mema. Alisoma aya ya kwanza, akasita, akatoa miwani ambayo maofisa hawakuizoea usoni pake, akaomba radhi akisema ameota mvi katika utumishi wao na sasa anaona anapofuka. Miwani hiyo ilikuwa mpya: tarehe 16 Februari alikuwa amemwandikia David Rittenhouse, fundi na mwanafalaki (mtaalamu wa elimu ya nyota) wa Philadelphia, kumshukuru kwa kumtengenezea. Wengi ukumbini walitokwa na machozi, na alipoondoka Knox alitoa hoja ya kumshukuru.

Tarehe 22 Machi Kongresi ikakubali kiinua mgongo cha mshahara kamili wa miaka 5, na tarehe 4 Aprili Washington akamwonya Hamilton kwamba jeshi ni chombo cha hatari kuchezea. Kumbuka kwamba makubaliano ya awali ya amani yalikuwa yametiwa saini Paris tangu tarehe 30 Novemba 1782, lakini maandishi yake yalifika Philadelphia tarehe 12 Machi. Kwa hiyo barua zote za Februari ziliandikwa kabla maandishi hayo hayajafika kutoka ng'ambo ya bahari.

Msomaji wa Kigoma

Nawashukuru waliotangulia. Naongeza jambo ambalo barua hizi zinalipita haraka mno. Nusu mshahara na kiinua mgongo kile vilikuwa vya maofisa, si vya askari wa kawaida. Mwezi Juni askari walianza kupewa likizo na kurudishwa makwao kwa makundi, wakiwa na ahadi ya hati za mshahara wa miezi 3 zenye saini ya Robert Morris, na wengi wao waliondoka kambini kabla hata hati hizo hazijawafikia. Walioziuza kwa walanguzi walizitoa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa safari ya kurudi nyumbani ilidai chakula siku hiyohiyo.

Tarehe 21 Juni mamia ya askari wa Pennsylvania waliizunguka kwa bunduki nyumba ya serikali mjini Philadelphia, ambamo Kongresi ilikuwa ikikutana, wakidai haki zao. Hamilton, yuleyule wa barua ya Februari, alikuwa mmoja wa wajumbe walioihimiza serikali ya jimbo iwaite wanamgambo. Serikali ya jimbo ilisita, na Kongresi ikahamia Princeton, jimbo la New Jersey.