Unga wa protini wa kopo au vyakula vya sokoni Majengo, kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito?

Binti wa Kisasa

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na sasa nimeruhusiwa kula vyakula vya kawaida kwa kiasi kidogo. Mtaalamu wa lishe alinisisitizia kwamba protini ndiyo itangulie katika kila mlo, lakini nimebaki njia panda. Upande mmoja kuna unga wa protini wa kopo, ambao rafiki yangu anayekuja na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mwisho wa wiki yuko tayari kuninunulia, na bei yake inazidi laki moja na nusu. Upande wa pili kuna mayai, dagaa, maziwa mgando na maharage, ambavyo vyote vinapatikana hapa hapa Dodoma, sokoni Majengo. Inanibidi nimpe rafiki yangu jibu kabla ya Ijumaa. Naomba ushauri wa wale mliopitia njia hii.

Kijana wa Mazoezi

Mwambie anunue. Kipimo kimoja cha unga huo huwa na gramu 20 hadi 25 za protini, wakati yai moja lina takriban gramu 6 tu. Mtu ambaye tumbo lake linagoma baada ya yai moja na nusu atafikishaje gramu 60 kwa siku kwa kutegemea sokoni? Mimi sijafanyiwa upasuaji, lakini unga huu nautumia kila siku na sijawahi kuujutia.

Muuguzi Mstaafu

Binti yangu, swali lako ni zuri, ila umeacha nje yale ambayo mtu hawezi kukushauri bila kuyajua. Ulifanyiwa upasuaji wa aina gani? Ni muda gani umepita? Mara ya mwisho ulipima damu lini, na figo zako zikoje? Maziwa yanakukubali au yanakuvuruga?

Siulizi haya kwa udadisi. Katika slivu, madaktari huondoa moja kwa moja takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, na kinachobaki ni mfereji mwembamba, lakini chakula bado kinapita njia yake ile ile. Katika baipasi hutengenezwa kifuko kidogo sana, cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, hivyo chakula huruka sehemu ambayo madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi. Kinachomfaa mmoja kinaweza kumlaza mwenzake kitandani.

Mzee wa Uwele

Mbukwenyi nyote. Mimi ni wa Mpwapwa, na nilikwenda hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, kuwekewa puto tumboni, likatolewa baada ya miezi sita. Katika muda wote huo sikununua kopo lolote. Nilikula ugali laini wa uwele, tonge mbili au tatu, kwa mlenda uliotiwa karanga za kutosha, na kilo zilishuka. Vyakula vya Wagogo vilikuwepo kabla ya makopo, na karanga zina protini nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Mwanangu, usimpe mtu laki na nusu yako.

Mama Pacha Nkuhungu

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, puto si upasuaji. Puto huingizwa kwa mrija kupitia mdomoni, likakaa tumboni likichukua nafasi, na likitolewa tumbo linabaki lile lile ulilozaliwa nalo. Sisi wa slivu sehemu iliyokatwa hairudi. Usitulinganishe.

Binti, mimi nipo upande wa sokoni, lakini si upande wa maharage. Maharage yanakujaza kabla protini haijafika popote, na gesi yake kwenye tumbo jipya ni mateso. Chukua dagaa wa Mwanza, kwa sababu gramu 100 za dagaa wakavu huwa na zaidi ya gramu 50 za protini. Toa vichwa na matumbo, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa hadi mchanga usionekane tena chini ya beseni, waanike juani hadi wavunjike kwa kidole, wakaange bila mafuta hadi harufu ibadilike, kisha wasage. Unga huo unauchota kijiko kimoja unatia kwenye supu ya kuku, kwenye mchicha au kwenye uji wa ulezi usio na sukari. Kwa jua la Dodoma hata kikaushio hakihitajiki.

Mzee wa Uwele

Marahaba mama. Njaa ni njaa, iwe ya puto au ya kisu. Sioni kwa nini niondolewe kwenye mazungumzo.

Binti wa Kisasa

Samahani kwa kuchelewa. Ni slivu, na sasa inakaribia miezi minne. Maziwa fresh yananivuruga, lakini mgando hauna shida. Jambo jingine ambalo sikulitaja ni kwamba nywele zimeanza kutoka kwa wingi. Nikichana asubuhi kitana kinajaa, na msusi wangu ameniuliza mara mbili kama natumia dawa kali. Je, kopo litasaidia katika hilo?

Muuguzi Mstaafu

Bado hujanijibu kuhusu damu na figo, na hilo sitaliacha. Nywele kutoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni jambo la kawaida baada ya upasuaji mkubwa na uzito kushuka kwa kasi, na kwa wengi hurudi zenyewe. Lakini upungufu wa protini na wa madini ya chuma huzidisha hali hiyo, na hakuna kopo wala dagaa atakayekuambia una upungufu gani. Kipimo ndicho kitakachokuambia.

Tena, usije ukadhani kwamba unga wa protini ni badala ya vidonge vyako. Tumbo ndilo linalotengeneza kitu kinachosaidia vitamini B12 kufyonzwa, na wewe sehemu kubwa ya tumbo hilo huna tena. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu usivinywe pamoja; viachanishe kwa saa mbili au zaidi, na chai ya rangi isikaribie kidonge cha chuma.

Dada wa Ilazo

Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu neno “kopo” linatajwa humu kana kwamba makopo yote ni sawa.

Mimi nilifanyiwa baipasi nchini India. Makopo niliyorudi nayo yalipokwisha, nilikwenda katika duka moja la vifaa vya mazoezi, ambalo sitalitaja, nikamweleza muuzaji waziwazi kwamba nimefanyiwa upasuaji wa tumbo na kwamba nataka protini isiyo na sukari. Alinishushia kopo kubwa jeusi lenye picha ya mwanamume aliyetunisha misuli, akaapa kwamba hilo ndilo wanalochukua wagonjwa wote. Maandishi ya nyuma yalikuwa yamefunikwa na karatasi ya bei, nami nikamwamini kwa kuwa nilikuwa nimemweleza kila kitu.

Asubuhi iliyofuata nilikoroga kipimo kimoja ofisini, nikanywa taratibu kabla ya kikao. Hazikupita dakika 20, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitoka hadi viganjani, tumbo likanyonga, na masikio yakawa yanavuma kiasi kwamba nilikuwa naona midomo ya watu ikicheza bila kusikia wanachosema. Nilitoka nikiegemea ukuta, nikaingia chumba cha mafaili na kujilaza sakafuni, kwa sababu vigae vilikuwa na ubaridi. Mwenzangu mmoja alidhani ni malaria. Mwingine, kwa wema wake, alikuja na chupa ya soda akisema ninywe nipate nguvu, na lau ningeinywa ningejimalizia kabisa. Hali ilitulia baada ya kama saa moja, nikabaki nimelegea na usingizi mzito.

Jioni mume wangu aliiloweka ile karatasi ya bei akaibandua. Chini yake iliandikwa kwamba ni unga wa kuongeza uzito, na katika kila kipimo wanga na sukari vilikuwa vingi kuliko protini mara kadhaa. Daktari wangu alinifafanulia kwamba sukari ya namna hiyo ikiporomokea kwenye utumbo mwembamba kwa ghafla, utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu na homoni hufyatuka, ndiyo maana moyo unakimbia. Wao wanaiita dampingi. Niliporudisha kopo, muuzaji alisema kwamba lilikuwa limeshafunguliwa, hivyo hawezi kulipokea.

Kwa hiyo, Binti, kama rafiki yako atanunua, atume kwanza picha ya upande wa nyuma. Angalia gramu za protini, kisha gramu za sukari. Asikutumie picha ya mbele.

Kijana wa Mazoezi

Pole sana dada. Lakini hilo ni kosa la muuzaji, si la unga. Unga wa kuongeza mwili na unga wa protini ni bidhaa mbili tofauti, na kila mtu wa mazoezi analijua hilo. Kwa anayevurugwa na maziwa kuna aina iliyochujwa zaidi, ambayo sukari ya maziwa karibu yote imeondolewa. Mimi bado nasema kopo.

Mama Pacha Nkuhungu

Kila mtu wa mazoezi analijua, sawa, lakini mwenye mshono tumboni atalijuaje? Na hiyo aina iliyochujwa zaidi ndiyo ya bei ya juu zaidi.

Mkwe wa Singida

Naona mlenda umepita bila kujadiliwa. Mke wangu ana slivu, na nyumbani kwetu mlenda ndio chakula pekee kinachoshuka bila kumkwama. Nyama choma ilimkwama kifuani hadi akatapika mbele ya wageni. Sasa je, mlenda uhesabiwe kuwa chakula au kinywaji? Maana aliambiwa asinywe wakati wa kula.

Muuguzi Mstaafu

Mlenda ni chakula, ila kushuka kwake kwa urahisi ndiko kunakonitia wasiwasi. Baada ya slivu, mtu hushiba kwa sababu chakula kigumu kinakaa. Kinachoteleza kinapita haraka, baada ya muda mfupi anarudi kula tena, na uzito unaanza kupanda polepole bila yeye kuelewa kwa nini, hasa kama huo mlenda una karanga nyingi. Sisemi auache. Nasema aanze na kipande cha samaki au kuku aliyechemshwa hadi akalainika, atafune mno, kisha mlenda ufuate.

Kuhusu maji, asubiri kama nusu saa baada ya kula. Hata hivyo, kwa joto la Oktoba na Novemba hapa kwetu nimeona wengi wakishika sana sharti hilo na kusahau kunywa kabisa, wakaishia kuwekewa dripu. Chupa iwe mkononi siku nzima, anywe funda dogo dogo, afikishe lita moja na nusu au zaidi. Na huko kutapika kukiendelea kwa siku kadhaa asikae nyumbani akinywa tangawizi. Aende hospitali, kwa sababu vitamini B1 huisha upesi mwilini, na madhara yake kwenye ubongo na mishipa ya fahamu ni makubwa.

Mzee wa Uwele

Kwa hiyo hata mlenda sasa una kesi ya kujibu.

Dada wa Ilazo

Mzee, mlenda una kesi kwa watu wa slivu tu. Sisi wa baipasi tuna orodha yetu. Zabibu za hapa, kwa mfano. Msimu ukifika na mabeseni yakipangwa barabarani nameza mate tu, maana mkono mmoja wa zabibu unanitosha na ukizidi naanza kutetemeka. Mvinyo ndiyo niliuacha kabisa, kwa kuwa baada ya upasuaji pombe huingia kwenye damu haraka mno, na nusu glasi iliyokuwa si kitu zamani sasa ni aibu mbele ya wakwe.

Mama Pacha Nkuhungu

Afadhali wewe unayeshindana na zabibu. Mimi nashindana na maswali. Nikienda kwenye harusi nikila vijiko vinne, mama mwenye shughuli anaona nimedharau chakula chake. Mtaani walishaamua kwamba nina ule ugonjwa, kwa kuwa mashavu yamebonyea na ngozi ya mikono inaning’inia. Hakuna mtaalamu aliyenieleza kwamba baada ya kilo kushuka ningetakiwa kushona upya hata sare ya kwaya, na bado tumbo nalifunga kwa kanga ili gauni likae vizuri. Na kuna jambo ambalo naona haya kulisema: siku hizi nautamani udongo, ule wa kula unaouzwa sokoni, utadhani ni mjamzito.

Muuguzi Mstaafu

Mama Pacha, usione haya, na usiununue. Hamu ya udongo au ya barafu mara nyingi hufuatana na upungufu wa madini ya chuma. Nenda ukapime wingi wa damu wiki hii, na uwaombe wapime pia akiba ya chuma na B12. Halafu ukiumwa kichwa au mgongo, usikimbilie diklofenaki ya duka la dawa bila kumwuliza daktari, na Dada wa Ilazo ndiyo asiiguse kabisa, kwa sababu huleta vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo.

Binti wa Kisasa

Ahsanteni nyote. Mama muuguzi, nakiri kwamba sijapima damu tangu nilipotoka wodini. Figo zilikuwa salama wakati huo. Nimemwomba rafiki yangu atume picha ya upande wa nyuma ya kopo, naye amejibu kwamba duka lina aina tatu na ameomba nichague. Wakati huo huo mama yangu ameshanunua kilo mbili za dagaa. Inawezekana nikachukua vyote viwili, kopo kwa siku za kazini na dagaa kwa nyumbani, lakini bado sijaamua.

Kijana wa Mazoezi

Weka hizo picha tatu humu.

Mama Pacha Nkuhungu

Usiweke. Utavurugwa zaidi. Kilo mbili zinakutosha muda mrefu, mradi zisagwe vizuri.

Mkwe wa Singida

Kuhusu kusaga, hapa mtaani kwetu mwenye mashine ya nafaka amekataa dagaa wangu, akidai kwamba harufu itabaki kwenye unga wa wateja wengine. Blenda ya nyumbani nayo inaacha miiba. Mwenye kujua mashine inayopokea dagaa, iwe Nkuhungu, Chang’ombe au hata Nzuguni, naomba anielekeze.