Naomba ushauri: insha yangu kuhusu volkano ya Nyiragongo imekuwa pana mno

Wakubwa zangu na wenzangu, nawasalimu kutoka Goma. Ninaandika insha ya chuo kuhusu milipuko ya Nyiragongo ya Januari 2002 na Mei 2021. Nilitaka kueleza chanzo, hasara, uhamaji na ujenzi mpya, lakini msimamizi wangu alipiga mstari chini ya kichwa na kuandika pembeni: "Swali ni lipi?" Ana haki kabisa.

Sasa ninafikiria kuuliza jambo moja tu, yaani namna familia zilizopoteza nyumba mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwa Kivu, zilivyoamua kukimbia au kubaki mwaka 2021. Daftari langu limejaa ushuhuda. Mama mmoja alinionyesha ufunguo wa nyumba iliyofunikwa, ambao bado anautunza ndani ya kitambaa, na tangu siku hiyo nimeona kwamba insha hii lazima iwasikilize watu.

Shida ni kwamba makala ya wataalamu niliyoyapata, karibu yote ya Kifaransa, yanazungumzia nyufa na matetemeko. Je, ushuhuda niuweke kando ya makala hayo katika kila sehemu, au niutengee sehemu yake? Na je, mpango niuandike kabla ya kumaliza kusoma?