Tupeane uzoefu: uliwahi kuomba ufadhili wa masomo unaogombewa na wengi, ilikuwaje?

Mwanzisha mada: Binti wa dada yangu yuko mwaka wa tatu chuoni, GPA yake ni 4.4, na jana nilipomshauri aanze kujiandaa kuomba Mandela Rhodes wa Afrika Kusini au Chevening wa serikali ya Uingereza alinijibu kwamba nafasi hizo zina wenyewe. Nilikosa la kusema, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2009, nikaiacha fomu kabatini hadi muda ukapita. Mliowahi kuomba, mkapata au mkakosa, naomba mtueleze yaliyowakuta.

Mkaazi wa Mbezi: Hata mimi nilijiondoa kabla sijakataliwa.

Mama Wawili: Umenitonesha kidonda. Mwaka 2017 niliomba ufadhili mmoja wa shahada ya uzamili Uingereza. Insha zao niliziandika na kuzifuta kwa wiki sita, kila jioni baada ya kazi, katika chumba nilichokuwa nimepanga Sinza. Tangazo lilisema kwamba mwisho wa kupokea maombi ni 12:00 kwa saa za Greenwich, nami bila kusoma mara ya pili nikaamua kuwa hiyo ni saa sita usiku, nikajipa siku nzima ya kurekebisha nukta na mkato. Saa kumi na moja jioni nilipofungua ukurasa niliukuta umefungwa, kumbe saa sita yao ilikuwa ya mchana, yaani saa tisa alasiri kwetu. Modemu iliendelea kuwaka taa yake ya buluu, na kifurushi nilichokinunua kwa pesa ya chakula kilikuwa hakijafika hata nusu. Sikulia. Niliinuka nikaenda kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Mkaazi wa Mbezi: Pole sana, dada. Hapo kwenye mashuka nimeishiwa nguvu.

Mtu wa Hesabu: Samahani, lakini huo ni uzembe. Mtu anayetaka kwenda kusoma Uingereza anashindwaje kusoma saa?

Mwalimu Mstaafu: Ndugu yangu, punguza ukali. Kwetu kumi na mbili ni alfajiri au magharibi, kwao ni mchana au usiku wa manane, kwa hiyo mtu ana njia tatu za kukosea na moja tu ya kupatia. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia waandike saa ya mwisho ukutani kwa Kiswahili, kisha watume siku tatu kabla.

Mhadhiri: Mimi huandika barua za udhamini kila mwaka, na ninaona wengi wakianguka hapo. Mwanafunzi ananijia zikiwa zimebaki siku mbili, ametoka katika darasa la watu mia tatu, nami ninachokijua juu yake ni namba ya usajili na alama. Njooni mwezi mmoja kabla, mlete matokeo na rasimu ya insha, mnikumbushe pia lile swali mlilouliza darasani, kwa sababu barua isiyo na tukio hata moja haimsaidii mtu.

Msomi wa Jioni: Wa kwangu aliniambia niiandike mwenyewe yeye atie saini. Nilijisifu kiasi kwamba nilipoisoma nilitamani kukutana na huyo mtu.

Mhadhiri: Huyo mwenzangu alikukosea, na wewe ulikosea kukubali.

Mkaazi wa Mbezi: Dawa ni kuomba sehemu kumi kwa mpigo, moja itajibu.

Msomi wa Jioni: Nilifanya hivyo. Fomu ya Uchina niliituma ikiwa na insha inayosema kwamba tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma Ujerumani.

Mtu wa Hesabu: Mbona hamtaji wa hapa nyumbani? Samia Scholarship ipo tangu mwaka 2022.

Mwana wa Fasihi: Hiyo ni ya waliong'ara katika sayansi kidato cha sita, na binti anayezungumziwa yuko mwaka wa tatu. Sisi tuliosoma Kiswahili na historia tumezoea kutolewa mfano wa mlango ambao si wetu.

Mtu wa Hesabu: Taifa lina haki ya kuchagua linachokihitaji.

Mwalimu Mstaafu: Huo mjadala tuuache, maana Chevening haibagui fani. Inachodai ni saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na za kujitolea zinahesabiwa, kisha mhitimu arudi nyumbani kwa miaka miwili. Mandela Rhodes nayo ni ya masomo ya juu katika vyuo vya Afrika Kusini, kwa vijana wa miaka 19 hadi 29.

Mwanzisha mada: Mama Wawili, uliomba tena?

Mama Wawili: Mwaka uliofuata nilituma siku kumi na moja kabla, nikaitwa kwenye usaili, nikakosa. Mara ya tatu nilipata, ingawa ni nchi nyingine. Modemu ile bado ninayo.

Mwanzisha mada: Nimemsomea binti haya yote. Ameuliza swali moja tu, kwamba saa 2,800 ni siku ngapi.

Mtu wa Hesabu: Kwa saa nane kila siku ni siku 350. Kama anajitolea mahali popote, aanze kuziandika leo.