Mtoto wa mbwa kwenye nyumba ya kupanga, Nyegezi: nimchague yupi baada ya yule wa kwanza kufa?

BabaWawili_Nyegezi

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Nyegezi, Mwanza, na mke wangu, ambaye ni muuguzi wa zamu, pamoja na watoto wetu wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 5. Nyumba tumepanga, upande mmoja ina uzio wa michongoma na upande wa pili imeegemea majabali. Mwenye nyumba ameturuhusu kufuga mbwa mmoja kwa sharti kwamba asiwe kero kwa wapangaji wa nyumba ya nyuma.

Mwezi wa nne nilinunua mtoto wa mbwa kwa kijana aliyekuwa akiwauza kando ya barabara, wakiwa wamesongamana ndani ya boksi. Aliniambia kwamba ana miezi miwili na amekwisha kuchanjwa, nami sikuuliza cheti. Siku ya tano aliacha kula, usiku akatapika povu la njano, na kulipokucha alikuwa akiharisha damu yenye harufu ambayo hadi leo sijaisahau. Nilikimbilia duka la dawa za mifugo nikauziwa dawa ya minyoo. Alikufa kesho yake mchana, akiwa amelazwa uani kwenye beseni la nguo, na binti yangu amemshika mguu.

Sasa imepita miezi minne na watoto wameanza tena kuomba. Nina nafasi mbili. Mwalimu mwenzangu wa Kisesa ana mbwa jike wa kienyeji aliyezaa watoto sita, nao wana wiki 5. Yuko tayari kunipa mmoja hata kesho bila malipo. Muuzaji mwingine amenitumia picha za watoto wa German Shepherd kwa shilingi laki saba, lakini anasema mama yao haonyeshwi kwa wageni kwa sababu ni mkali mno. Mke wangu, ambaye hurudi usiku baadhi ya siku, angependa mbwa mkubwa wa kututisha wezi. Naomba ushauri: nimchukue yupi, nifanye nini ili yaliyotokea yasijirudie, na niishi vipi na majirani, hasa mzee mmoja Mwislamu ambaye husali barazani kwake, hatua chache tu kutoka kwetu? Natanguliza shukrani.

AfisaMifugoMstaafu

Mwalimu, pole sana wewe na binti yako. Nimefanya kazi ya mifugo kwa miaka mingi katika wilaya za mkoa huu, na kwa dalili ulizozieleza, kutapika, kuhara damu na ile harufu, ninaamini kwa kiasi kikubwa kwamba mtoto yule alikufa kwa parvo. Dawa ya minyoo isingemponya. Ugonjwa huu ni wa virusi, huharibu utando wa utumbo, na anayepona mara nyingi ni yule aliyewahishwa kwa daktari akawekewa maji ya dripu. Mweleze binti yako kwamba hakumdhuru kwa kumshika, na kwamba parvo ya mbwa haimpati binadamu.

Kabla hatujafika kwenye uchaguzi, kuna jambo katika maelezo yako linalonitia hofu, nalo ni ua wenyewe. Virusi vya parvo ni sugu mno. Kwenye udongo wenye kivuli na unyevu vinaweza kukaa miezi mingi, hata kukaribia mwaka, na miezi minne haitoshi kukupa amani. Beseni lile liondoe kabisa. Sakafu na baraza la saruji vioshwe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha vimwagiwe jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, iachwe dakika 10 ndipo isuuzwe. Udongo hauwezi kusafishwa kwa njia hiyo, kwa sababu jiki huishiwa nguvu ikikutana na uchafu. Kata michongoma ili jua lifike chini, na sehemu aliyougulia yule wa kwanza izungushie waya.

Sasa wale wa Kisesa. Usimchukue akiwa na wiki 5, hata kama ni wa bure. Mtoto wa mbwa anapaswa kukaa na mama na ndugu zake angalau mpaka wiki ya 8, kwa maana ni katika kung'atana na ndugu zake ndipo anapojifunza kupima nguvu za meno yake, na asiyejifunza hapo atakuja kujifunzia kwenye mikono ya mwanao wa miaka 5. Kwa kuwa ua wako una historia, mimi ningekushauri umwombe mwenzako akae naye hata mpaka wiki ya 10, nawe ugharamie chanjo. Ya kwanza hutolewa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Watu wengi huchanja mara moja wakadhani wamemaliza. Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huweza kuiua nguvu chanjo ya mapema, na kwa kuwa hakuna ajuaye kwa macho ni wiki ipi kinga hiyo itaisha, ndiyo maana tunarudia. Ukiweza, changieni muwachanje wote sita, maana ndugu mmoja akiugua, wengine hawapo mbali.

Angalia pia namna chanjo inavyotunzwa. Inapaswa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hivyo daktari atakayeitoa mfukoni saa nane mchana bila barafu, mshukuru na umwache aende. Karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kichupa hubanduliwa na kubandikwa kwenye cheti. Ukiona cheti kina mwandiko tu bila karatasi hiyo, uliza. Chanjo hizo za mchanganyiko mara nyingi hukinga pia distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, na homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa panya na ambayo, tofauti na parvo, inawapata watu. Minyoo nayo watoto hao walipaswa kupewa dawa tangu wiki ya 2.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni tofauti, hutolewa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, itamkuta mtoto wako bado mdogo. Kama kutakuwa na zoezi la chanjo katika kata yenu, mama yake achanjwe siku hiyo, na wewe usisubiri mwaka mzima, mpeleke Oktoba kwa afisa mifugo wa kata. Na mtu yeyote nyumbani aking'atwa na mbwa usiyemjua historia yake, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, tiba karibu haipo.

Kuhusu German Shepherd, ni mbwa mwenye akili sana, lakini anahitaji mazoezi ya kila siku na mtu wa kumfundisha, na ukoo wake una tatizo la nyonga ambalo hurithiwa. Hata hivyo sikukatazi kwa sababu ya ukoo. Nakukataza kwa sababu umenyimwa kumwona mama. Mama mwenye hofu au ukali uliopita kiasi huwapa watoto wake tabia hiyo, kwa damu na kwa kuwafundisha, na pengine hapo hakuna mama kabisa, watoto wamekusanywa. Mwizi hubabaishwa na mbwa anayebweka mapema, na mbwa wetu wa kienyeji ana masikio hayo.

MamaShamim_Igoma

Kaka, mimi ni Mwislamu na ninafuga mbwa wa ulinzi kwa mwaka wa sita sasa, hivyo naomba nizungumzie la mzee wako. Mbwa wa kulinda, wa kuchunga na wa kuwinda ameruhusiwa, na wazee wengi wanalijua hilo. Wengi wetu huku tunafuata madhehebu ya Shafii, na kinachotusumbua ni mate na unyevu wa mbwa, kwa sababu ukigusa nguo au chombo, inabidi kioshwe mara saba na moja kati ya hizo iwe kwa udongo. Kwa hiyo huenda mzee huyo hana chuki na mbwa wako. Ana wasiwasi na kanzu yake, mkeka wake na birika lake la udhu.

Nenda kwake kabla mbwa hajafika, uende na watoto, umweleze kwamba mnakusudia kufuga na mngependa kusikia neno lake. Mimi nilifanya hivyo kwa jirani yangu, akaniomba kitu kimoja tu, kwamba mbwa asivuke mstari wa mawe ulio kati yetu nyakati za sala. Niliweka kigeti cha mbao chenye wavu, ambacho hakikunigharimu sana, na mpaka leo yeye ndiye hunipigia simu nikiwa sokoni kuniambia mbwa anabweka kuna nini.

Jambo la pili, nakuomba sana usimfunge mnyororo mchana kutwa. Nilikosea hapo na mbwa wangu wa kwanza. Nilimfunga chini ya mwembe kuanzia alfajiri mpaka saa mbili usiku nikidhani namfanya mkali, naye akawa anabwekea majani yakidondoka, akajichubua shingo mpaka ikatoa usaha, na siku alipokata mnyororo alimng'ata mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa akimletea maji. Wa sasa anakaa huru ndani ya ua, anajua jina lake, anajua watoto, na hodi ya mgeni anaibwekea mara chache tu kisha ananitazama nimwambie la kufanya.

Mabatini_Juu

Kwa kuwa nyumba yako imeegemea majabali: kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni jabali hushika moto. Wangu alibabuka nyayo zote nne akiwa na miezi mitatu. Weka kiganja chako juu ya jiwe. Ukishindwa kukitua kwa muda wa kuhesabu mpaka saba, yeye pia asipite. Kivuli na maji visikosekane. Kupe nao hujificha kwenye nyufa za mawe, hivyo mkague kila jioni ndani ya masikio na katikati ya vidole.

BabaWawili_Nyegezi

Nimesoma kila neno, na mke wangu pia amesoma. Tumekubaliana kuhusu Kisesa. Nauliza mawili zaidi. Tutamlisha nini, ikiwa mapanki (mifupa ya samaki inayobaki na nyama kidogo baada ya minofu kuondolewa) na dagaa ndivyo rahisi kupatikana kwetu? Na kati ya wale sita, nitamjuaje wa kwetu?

DagaaMwaloni

La chakula nalijibu mimi, maana nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na wateja wangu wa mbwa si wachache. Chukua dagaa wasiotiwa chumvi, uwapepete na kuwaosha mara mbili tatu kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe chini ya sufuria, maana mchanga huo ndio unaowaumiza mbwa matumbo. Uwachemshe, uwaponde, kisha uwachanganye na uji mzito au ugali wa dona uliopoa. Mapanki ya sangara yana nyama nzuri, lakini mfupa wake uliopikwa hukatika kwa ncha kali, hivyo nyofoa nyama kwa mkono na mifupa uitupe mahali asipofika. Usimpe mabaki ya mchuzi wa nyumbani, kwa sababu vitunguu ni sumu kwa mbwa hata vikiwa vimepikwa. Dagaa na ugali peke yake havitoshi mtoto anayekua. Ongeza yai la kuchemsha, maini kidogo mara moja kwa wiki, na ukimudu, chakula cha dukani cha watoto wa mbwa. Akiwa na miezi miwili alishwe mara nne kwa siku, kidogo kidogo, na mara tu akimaliza kula au akiamka, mtoeni hapo hapo akajisaidie sehemu ile ile.

AfisaMifugoMstaafu

Mwalimu, nenda Kisesa asubuhi, kabla hawajalishwa. Kwanza mtazame mama anavyowapokea wanao. Kisha mtazame mtoto: ufizi uwe wa waridi, macho makavu, tumbo lisiwe limevimba kama ngoma huku mbavu zinahesabika. Mvulana wako adondoshe kifuniko cha sufuria hatua kadhaa kutoka kwao. Wote watashtuka, na hilo si kosa. Unayemtaka ni yule anayeshtuka, akasimama, kisha akarudi kunusa kile kilichomshtua. Anayekwenda kujificha na asitoke tena atapata shida kuishi na watoto wadogo, na yule anayewapanda wenzake wote kichwani anahitaji mfugaji mzoefu.

Akifika kwenu, msimweke chini mitaani kabla chanjo hazijakamilika, lakini msimfungie pia. Mpaka karibu wiki ya 14 ndipo akili yake inapoamua kitu gani duniani ni cha kawaida. Mbebeni kwenye kikapu aone bodaboda, asikie adhana na kengele ya kanisa, ashikwe na wageni waliokwisha kunawa mikono.

Acheni kwa mama yake kipande cha kitambaa chenu tangu sasa, walalie wote. Usiku wa kwanza mtakihitaji.

BabaWawili_Nyegezi

Tulikwenda Jumamosi. Mama yao ni wa rangi ya udongo, ana sikio moja lililokatika ncha. Alinyanyuka, akanusa viganja vya binti yangu pande zote mbili, kisha akarudi kujilaza na kutuacha tukae. Kifuniko kilipoanguka, watano walikimbilia nyuma ya pipa. Mmoja jike, mweusi mwenye soksi nyeupe mguu mmoja wa mbele, alirudi nyuma hatua mbili tatu, akakaa, kisha akaja polepole mpaka akakigusa kwa pua. Daktari amewachanja wote sita mbele yetu, karatasi imebandikwa, na tarehe ya kurudia imeandikwa kwenye cheti. Mzee wa jirani tulimfuata jana baada ya alasiri. Ameomba kigeti, na ameuliza kama mbwa huyo atakuwa anabweka usiku, kwa sababu kuku wake wameibwa mara mbili mwaka huu.

Binti yangu ameacha huko kipande cha kitenge cha mama yake. Kabla hatujaondoka, yule mweusi alikuwa amekwisha kukivuta mpaka kona ya banda na kukilalia.