Tupeane uzoefu: mito umeipangaje mpaka ukaacha kuamka na shingo iliyokaza?

Fundi wa Chumbageni

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Kazi yangu ni ya kuinama, kwa hiyo mpaka jioni shingo na bega la kulia vimeshachoka kabla sijagusa kitanda. Kuna kipindi nilikuwa naamka siwezi kugeuza kichwa, nikiitwa nageuka mwili mzima. Kila niliyemwambia alinishauri ninunue mto wa bei. Kilichonisaidia ni kimo cha mto, bei haikuhusika.

Mimi nalala ubavu. Ukilala ubavu, bega linakaa kwenye godoro na kichwa kinabaki juu, na ule uwazi kati ya sikio na godoro unalingana na upana wa bega lako. Mto ukiwa mwembamba kichwa kinaning'inia. Ukiwa mnene kupita kiasi kichwa kinasukumwa juu. Kote kuwili misuli ya shingo inakesha kazini. Nikamwomba dada yangu asimame nyuma ya kitanda aangalie kama mgongo umenyooka kuanzia kisogoni mpaka kiunoni. Akasema kichwa kimepanda. Basi nikaufumua mto wangu wa sufi upande mmoja, mwanya wa kuingiza mkono tu, nikawa natoa sufi kidogo, nalala, ananiangalia, natoa tena. Ulipokaa sawa nikaushona. Sufi iliyobaki nikaijaza kwenye kimto chembamba, hicho naweka katikati ya magoti. Goti la juu likiachwa lianguke mbele linavuta nyonga na kiuno vinapinda, ndiyo maana wengine wanaamka na kiuno wakidhani ni godoro.

Godoro lenyewe nalo lina sehemu yake. Kwenye sponji laini bega linazama, uwazi unapungua, mto unatakiwa uwe mfupi. Mdogo wangu aliupenda mto wangu akauchukua, kufika kwake kwenye godoro gumu akauona hauna kitu.

Sasa naomba tupeane uzoefu. Taja unavyolala, mito umeweka wapi, na kilichokuwa kinakusumbua ni nini. Wapo watu wanaamka wamechoka kila siku ya Mungu na tatizo liko chini ya kichwa chao.

Mama Mapacha

Asante dada kwa mada. Mimi nilihangaika na mimba ya mapacha. Ilipofika miezi ya mwisho sikuwa na upande wa kulala. Chali nakosa pumzi, ubavu tumbo linavuta kama linataka kudondoka.

Kliniki walitueleza kwamba kuanzia wiki ya 28 mjamzito aanze usingizi wake akiwa ubavu, asiwe chali, kwa sababu tumbo zito linakandamiza mishipa mikubwa ya damu na mtoto anapata damu pungufu. Ukishtuka usiku umejikuta chali usiogope, geuka tu uendelee. Bibi yangu alisisitiza kushoto, na mimi kushoto kulinifaa, ila wataalamu wanasema hata kulia ni sawa.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Mto wa kichwa wa kawaida. Khanga pea nzima nimeikunja bapa, nimeisukumiza chini ya tumbo kwa upande ili tumbo lipate pa kuegemea, hii ndiyo iliyoniokoa kuliko yote. Mto mrefu kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo cha mguu, maana ukiweka kwenye magoti peke yake mguu wa chini unabaki unaning'inia. Na takia nyuma ya mgongo, ili nikitaka kugeuka chali linizuie. Mume wangu alihamia mkekani kwa hiari yake, Mungu ambariki.

Lori la Tunduma

Mimi ni dereva wa masafa, Dar kwenda Zambia. Kitanda cha kebini ni chembamba, huwezi kulala ubavu ukajinyoosha, kwa hiyo nimejizoesha chali. Nachukua taulo dogo, nalikunja mviringo, nalitia ndani ya foronya kwenye ukingo wa chini wa mto. Lile taulo linakaa kwenye uvungu wa shingo, kichwa kinabaki kwenye sehemu nyembamba. Zamani nilikuwa naweka mito miwili, kidevu kinagusa kifua, naamka kichwa kinagonga. Alinifundisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo nilipopelekwa kwa ajili ya mgongo. Huyo huyo aliniambia niweke kitu chini ya magoti. Mimi naweka koti langu la baridi. Magoti yakiinuka kidogo, kiuno kinashuka kinalala kwenye godoro, na maumivu ya kukaa kwenye usukani kutwa yanalegea ndani ya dakika chache.

Kama ni utingo na unalala umekaa, usiegemee dirisha. Zungushia kikoi shingoni, fundo lije mbele chini ya kidevu.

Kifudifudi

Mimi nalala kifudifudi tangu utoto na siwezi kuacha. Kichwani sina mto kabisa. Naweka kimto chembamba chini ya tumbo, usawa wa kitovu, ili kiuno kisibonyee. Nikiweka mto kichwani nateguka.

Nesi wa zamu ya usiku

Jamani naomba tusikilizane hapa, kuna jambo ambalo si la mto.

Daktari akikuuliza "unalalia mito mingapi?" hapigi soga. Mtu ambaye moyo wake umeanza kushindwa kusukuma damu vizuri, akilala bapa maji yanajaa kwenye mapafu, anakosa pumzi. Basi anaongeza mto. Baada ya muda anaongeza mwingine. Mwisho anakesha amekaa kwenye kiti na nyumbani wanasema mzee amezoea. Nimewapokea wagonjwa wa hivi, miguu imevimba, na ukiuliza unaambiwa mito ilianza kuongezeka tangu mwaka jana. Ukiona wewe au mzazi wako anahitaji mito mingi zaidi kuliko zamani ili apumue, au anashtuka usiku akitafuta hewa, mpeleke hospitali. Msimtafutie mto mzuri zaidi.

Shingo nayo: ganzi inayoshuka mkononi, mkono kukosa nguvu, au shingo kukaza pamoja na homa kali na kichwa kuuma, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee wa Kiungulia

Nesi amenigusa. Mimi shida yangu ni kiungulia. Nikilala tindikali inapanda mpaka kooni, nakohoa usiku. Nilikuwa napanga mito mpaka nakaa nusu, na hali inakuwa mbaya zaidi. Sababu nilielezwa baadaye: mito inakukunja kiunoni, tumbo linabanwa, tindikali inasukumwa juu. Kinachotakiwa ni kiwiliwili chote kiwe kwenye mteremko.

Nikamwita seremala akanichongea vigogo viwili vya mninga vyenye kishimo katikati, miguu ya kitanda ya upande wa kichwani ikaingia humo isiteleze. Kitanda kimeinuka kama sentimita 15. Usiku wa kwanza unajihisi unateleza kuelekea miguuni, baadaye unasahau. Mto nimebaki nao mmoja. Nalala ubavu wa kushoto, chakula cha usiku nakula mapema, angalau saa tatu zipite kabla ya kulala. Dawa sijaacha, ila nalala.

Muuza Sufi

Fundi wa Chumbageni umenifurahisha kufumua mto. Mimi nauza mito ya sufi barabarani na nawaambieni ukweli, wateja wengi wanachagua mto kwa unene. Wanaubinya, wakiuona umejaa ndiyo wanalipa. Kwa hiyo sisi tunajaza. Ule mto haukutengenezwa kwa ajili ya shingo, umetengenezwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Ukinunua kwangu niambie unalala vipi, nitakujazia kwa kipimo, na bei itapungua.

Mambo ya kuangalia. Shika mto, pitisha vidole kwa nguvu kama unakanda unga. Ukisikia vipunje vigumu, hizo ni mbegu hazikupepetwa vizuri, zitaita wadudu na panya. Sufi safi inateleza chini ya vidole. Ina utando kama nta, haipendi maji, ndiyo maana zamani walijazia hata majaketi ya kuokolea watu baharini. Kwa hiyo usiiloweke. Itoe juani asubuhi, igeuze mchana, ipige kwa fimbo kwenye kona ambako inajikusanya mabonge, iingize ndani kabla ya umande. Foronya ndiyo ifuliwe kila wiki. Sufi ikizeeka inavunjika inakuwa vumbi, na mto hauinuki tena hata ukiuanika. Hapo badilisha sufi, gamba la nje libaki.

Mwenye pumu namshauri asichukue sufi. Achukue mto wa faiba unaofulika, na aufue kwa maji ya moto ya nyuzi 60, maana utitiri wa vumbi unakufa hapo.

Kijana wa Lodwar

Salamu kutoka Turkana. Mnazungumza sana kuhusu vitu laini, nami nimelelewa na babu ambaye kichwa chake kililala juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wazee wetu wanatembea nacho. Mchana anakikalia, usiku anakiweka chini ya shingo, kichwa hakigusi mchanga. Zamani wanaume walikuwa wanasuka nywele na kuzipaka udongo, na kazi kubwa ile isingedumu kama kichwa kingelala chini. Hata kwenye kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa Misri mwaka 1922, walikuta vitu vya namna hiyo hiyo.

Mimi nimekijaribu, shingo yangu haikukubali. Lakini babu alikuwa analala chali au ubavu bila kujigeuza ovyo, na sijamsikia akilalamika shingo. Nadhani mwili unajifunza kimo chake mapema. Mtu asimlazimishe mzee aliyezoea kigoda au mto mgumu abadilishe kwa sababu sisi tumeona kigumu.

Msusi Mwanjelwa

Hapo kwa kigoda mmenikumbusha wateja wangu. Ukisuka rasta zikiwa bado mpya, ngozi ya kichwa inawaka, hakuna pa kukiweka. Usilale kichwa kwenye mto. Kunja khanga mviringo, unene wa kiganja, weka shingoni peke yake, kichwa kielee kidogo. Nywele zirushe juu ya kitanda, usizilalie, zitavuta kwenye mizizi. Foronya ya satini inapunguza msuguano. Na ukiona siku ya tatu bado hujalala, rudi kwa msusi alegeze za mbele. Kuvumilia kunamaliza nywele za kipajini.

Baba Mpya

Samahani nauliza. Mtoto wetu ana miezi minne, mama mkwe ametuletea kamto kazuri ka kumwekea kichwani. Tumtumie?

Nesi wa zamu ya usiku

Hapana, baba. Chini ya mwaka mmoja mtoto halali na mto, wala takia, wala blanketi zito karibu na uso. Hana nguvu ya kujinasua kikimziba. Mlaze chali, sehemu ngumu bapa, shuka limebanwa vizuri. Kamto mkatunze, mama mkwe mwambieni kwa heshima kwamba mtoto atakatumia akikua.

Mwana wa Pekee

Nimesoma zote. Mimi namuuguza mama, kiharusi kilimpata upande wa kushoto. Kwetu mito si ya starehe. Hospitali walinionyesha nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani ili hata nikiwa kazini dada anayenisaidia afuate.

Mama ageuzwe kila baada ya saa mbili. Akiwa ubavu asisimame wima kabisa juu ya nyonga, aegemezwe kwa mto mgongoni akae mshazari, uzito usikae kwenye mfupa. Mkono uliopooza usivutwe. Uwekwe juu ya mto mbele yake, bega lisogezwe mbele, vidole vifunguliwe. Akiwa chali, mto mrefu uingie chini ya miguu kuanzia gotini mpaka juu kidogo ya kisigino, visigino vibaki hewani. Hapo visiginoni ndipo vidonda vya kulalia vinapenda kuanza, na mtu aliyepooza anaweza asihisi maumivu. Kila nikimgeuza naangalia kwa tochi ya simu, nyonga, visigino, viwiko. Nikiona wekundu au weusi usioondoka nikibonyeza, upande ule haulaliwi mpaka utulie.

Shida yangu ni kimto cha mkono. Cha dukani kinateleza, mkono unaanguka usiku naukuta umekunjamana chini ya mwili. Kuna mwenye ujuzi?

Fundi wa Chumbageni

Pole sana ndugu yangu, na Mungu ampe mama nafuu. Usinunue kingine. Pima urefu wa mkono wa mama kutoka kwapani mpaka ncha za vidole, na upana wa kiganja kikiwa kimefunguliwa. Kimto kiwe kirefu kama mkono na kipana mara tatu ya kiganja. Kisijae, kiwe robo tatu tu, halafu mshonee mistari miwili ya urefu juu yake ili katikati pawe na mfereji wa kulaza mkono na kingo mbili zimzuie. Kitambaa kiwe cha pamba yenye kukwaruza kidogo, kama kile cha taulo. Satini ndiyo inayoteleza.

Jaza faiba, kwa mgonjwa utafua kila mara. Nitumie vipimo kwa ujumbe wa faragha, nakishona Jumamosi na kukituma kwa basi. Malipo usiyataje. Na wengine wenye mgonjwa wa namna hii waandike hapa hapa, vitambaa vya taulo ninavyo.