Tupeane uzoefu: Kazini kwenu kibarua akisema "simama", kazi inasimama?

Mleta mada, Mafinga

Kamwene wakuu. Nasimamia usalama kwenye kiwanda cha mbao na nguzo hapa Mafinga, na naomba tujadili jambo hili kwa visa vya kweli.

Semina nyingi tunazohudhuria ni za vifaa: helmeti, buti, glavu, bango ukutani, fomu ya kusaini. Vyote vinahitajika, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ipo. Lakini nimeona viwanda viwili jirani, helmeti zilezile, mabango yaleyale, huku watu wanakatwa vidole kila msimu, kule miaka inapita salama. Tofauti niliyoiona ni kwamba kule salama, kibarua aliyeanza kazi juzi akipaza sauti "simama!", msumeno unazimwa kwanza, maswali baadaye. Ikigundulika hakukuwa na hatari yoyote, anashukuriwa na hakuna anayemcheka.

Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akina Todd La Porte, Gene Rochlin na Karlene Roberts, walikwenda kuangalia kazi ambazo kwa hatari yake ajali zingepaswa kuwa nyingi lakini ni chache: waongoza ndege, mtambo wa umeme wa nyuklia, meli za kivita zinazobeba ndege. Kisa kimoja cha meli ya Carl Vinson sikisahau. Baharia wa cheo cha chini alitoa taarifa mwenyewe kwamba kifaa chake hakionekani, huenda kimebaki kwenye sitaha. Injini ya ndege ikinyonya kitu kama hicho, ni maafa. Ndege zilizokuwa angani zikaelekezwa kutua nchi kavu, sitaha ikakaguliwa, kifaa kikapatikana. Kesho yake baharia yule alipongezwa rasmi mbele ya wenzake. Piga hesabu ya mafuta yaliyoungua siku ile, kisha jiulize mabaharia waliokuwa wamesimama pale walijifunza nini.

Leteni visa vyenu, bila jina la kampuni wala la mtu. Natamani zaidi vile vya ajali iliyokosakosa, maana ndivyo tunavyovisahau kwa haraka.

Utingo mstaafu, Ilula

Mkuu, lami ya Tunduma–Dar nimeisugua tangu ujana. Kushuka mlima Kitonga na mzigo wa shaba kunataka moyo na akili. Kwa wasiojua: kwenye mteremko mrefu gari linazuiwa na injini, gia nzito, ileile ambayo ungepandia. Ukitegemea breki peke yake ngoma za breki zinapata moto, zinapanuka, unakanyaga mpaka chini hakuna kitu. Ukikanyagakanyaga, upepo wa breki kwenye mitungi unaisha haraka kuliko kompresa inavyojaza.

Dereva niliyekaa naye muda mrefu alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya mteremko anasimamisha gari, tunashuka wote, yeye anazunguka kulia mimi kushoto, tunakagua matairi na kusikiliza kama kuna upepo unavuja. Tukirudi kwenye kabini ananiuliza, "Mdogo wangu, tushuke?" Nisipoitikia, hatushuki.

Safari moja nikamwambia nasikia harufu ya breki kuungua. Akakagua, hakuona kitu. Bosi anapiga simu, mzigo umechelewa. Tukakaa pale mpaka ngoma zikapoa kabisa. Hakunisema. Safari iliyofuata akaniuliza swali lilelile, kwa sauti ileile, na hapo ndipo nilipojua kwamba huwa ananiuliza kweli.

Nesi wa upasuaji, Mbeya

Shikamoo baba. Ulivyoeleza ndivyo ilivyo hata kwetu.

Chumba cha upasuaji tunatumia orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, ya 2008. Ina vipengele 19, inasomwa mara tatu: kabla ya mgonjwa kupewa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Wengi hawajui kwamba ilijaribiwa kwenye miji minane duniani na mmojawapo ni Ifakara yetu, hapo ng'ambo ya milima ya Udzungwa. Matokeo yalitangazwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Ila karatasi inaweza kudanganya. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo visanduku vyote vilikuwa na tiki wakati mgonjwa bado yuko wodini. Kwa ninavyoona, kipengele chenye nguvu kuliko vyote ni kile ambacho watu wanakiruka kwa kuona ni cha kitoto: kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Mwanafunzi akishatoa sauti mara moja, mara ya pili haimtishi.

Siku moja tunahesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, kabla ya kufunga, moja haionekani. Daktari bingwa, mtu mzima, ameshashika uzi. Binti aliyekuwa kwenye mafunzo akasema, "Samahani dokta, hesabu haijatimia." Mikono ikasimama. Tukatafuta kwenye ndoo, chini ya meza, kwenye mashuka. Tukaikuta ndooni, imegandana na nyingine kwa damu. Tumboni hakukuwa na kitu. Daktari akasema, "Ahsante mwanangu, hesabu tena kwa sauti tusikie wote." Alipotimiza ndipo akashona. Wanafunzi waliokuja baada yake waliikuta hiyo habari inasimuliwa, na wote wanahesabu kwa sauti.

Mwenye dingidong, Njombe

Nawasoma wakuu, lakini semeni na sisi wa dingidong, mashine za kupasulia mbao porini. Vijana wangu wanalipwa kwa ubao. Msumeno ukisimama na mfuko wao umesimama, sasa nani ataita simama? La pili, sisi tumelelewa kwamba mtoto hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Hilo mtalitoa kwa semina?

Mleta mada, Mafinga

Mkuu, hoja yako ya kwanza ni nzito, na ningependa wenye viwanda wote waisome. Malipo ya kwa ubao yanamlipa mtu ili anyamaze. Kwetu tulikubaliana kwamba muda wowote msumeno ukisimamishwa kwa ajili ya usalama, kundi zima linahesabiwa mbao kwa wastani wa kasi yao ya siku hiyo. Mhasibu alihofia vijana watasimamisha kila saa. Hawakufanya hivyo. Wanasimamisha mkanda unapolegea, kava la msumeno linapochezacheza, gogo linapoonekana lina msumari, au mwenzao anapokuja na shati la mikono mipana. Na kava lenyewe, tafadhali, lirudishe kama uliling'oa. Najua linapunguza mwendo. Ubao ukirushwa nyuma na msumeno haumchagui mwenye mali.

La heshima nalielewa, nami ni mtoto wa hukuhuku. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana ardhini kwenye ukungu, wakafa watu 583. Rubani mkuu wa mojawapo, mtu mwenye hadhi kubwa kwenye shirika lake, alikuwa ameanza kuruka wakati ndege nyingine bado iko kwenye njia. Mhandisi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile nyingine imeshatoka. Akajibiwa kwa uhakika kwamba imetoka, hakuuliza tena. Baada ya hapo mafunzo ya marubani yalibadilishwa, na sehemu kubwa ya mabadiliko ilimwelekea mkubwa: afundishwe kuuliza na kusikiliza. Rudi kwa mzee wa Ilula. Yeye hakumsahihisha dereva, aliulizwa akajibu. Mkubwa akianza kuuliza, mdogo hana adabu ya kuvunja.

Mwenye dingidong, Njombe

Hapo kwa mkubwa kuanza kuuliza nimekuelewa. Hiyo ya wastani wa mbao naomba unieleze pembeni mnaipigaje.

Mchimbaji, Chunya

Kwenye maduara, yaani mashimo yetu ya kuchimba, masika maji yakijaa, mtu anashawishika kuteremsha pampu ya petroli ndani ili ivute karibu. Injini ile inatoa monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Aliye chini anaishiwa nguvu, anaanguka. Kisha ndugu yake anaruka kumwokoa, naye anabaki hukohuko, na wa tatu pia. Ndivyo duara moja linavyoondoka na familia.

Kwetu injini inabaki juu, na mshika kamba ndiye mwenye kauli. Awe kijana, awe mgeni, akikataa hata mwenye duara hashuki. Masika iliyopita mshika kamba aliita, aliyeko chini akachelewa kujibu, na sauti ilikuwa imelegea. Hakungoja kumuuliza mtu, akavuta kengele, tukamtoa. Alitoka anatapika, kichwa kinampasuka, ila mzima. Hakukuwa na injini yoyote chini. Ulikuwa moshi wa baruti ya asubuhi, tulidhani umeshatoka. Tangu hapo baada ya kulipua kompresa inasukuma hewa kwanza, na mshika kamba ndiye anayesema saa ya kushuka. Wengine wanalalamika kwamba tunapoteza nusu siku. Ni kweli, tunaipoteza.

Fundi umeme, Rungwe

Ndaga wadau. Kiwandani kwetu kwa chai kila fundi ana kufuli lake jekundu lenye ufunguo mmoja, na kibao chenye jina. Kabla mkono haujaingia kwenye rola unazima swichi kuu, unafunga kufuli lako, kisha unabonyeza kitufe cha kuwasha uhakikishe mashine imekufa kweli. Tukiwa mafundi watatu ni makufuli matatu. Wa mwisho kutoa ndiye anayerudisha umeme.

Msimu wa mvua majani yanafurika, yakikaa yanaharibika, na presha inakuwa kubwa. Msimamizi wa zamu, mgeni, akaona kufuli limebaki na fundi haonekani, akaagiza likatwe. Kijana wa stoo akakataa kumpa mkasi wa chuma. Akamwambia, "Bosi, nisamehe, kufuli la mtu silitolei mkasi." Fundi alikuwa ndani ya mashine, amelala chali anakaza boliti. Meneja alipopata habari alimwita yule kijana mbele ya zamu zote mbili akampa mkono.

Mleta mada, Mafinga

Fundi, na mwenye kufuli akiondoka nalo kwa kusahau, ameshafika nyumbani?

Fundi umeme, Rungwe

Anapigiwa simu mpaka apatikane, asipopatikana anafuatwa kwake. Ikithibitika kwa macho kwamba hayumo ndani, msimamizi pamoja na fundi mwingine wanazunguka mashine yote, wanasaini wawili, ndipo linakatwa. Na mwenye kufuli anaambiwa getini kesho yake, kabla hajagusa kitu chochote, ili asije akadhani mashine bado imefungwa.